Miezi minne mwaloni bila posho, tukidai tunaambiwa "ninyi ni wa kujitolea"

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaki mtu aniambie nipoe.

Nina shahada ya sayansi ya viumbe maji. Tangu mwezi wa tatu nilikuwa nakusanya takwimu za samaki kwenye mwalo mmoja (pale mitumbwi inaposhusha samaki) wa Ziwa Victoria, upande wa Mwanza, chini ya mradi ambao siutaji. Makubaliano, ya mdomo, yalikuwa shilingi elfu ishirini kwa kila siku ya sampuli. Mwezi huo wa tatu nililipwa nusu. Kuanzia wa nne mpaka wa saba sijaona hata mia.

Wasioijua kazi hii wanadhani ni kukaa na kalamu chini ya mwembe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi haiendi, kwa hiyo ratiba yako inapangwa na mwezi. Saa kumi na moja alfajiri uwe umeshasimama majini, maana mtumbwi ukigusa mchanga tu kina mama wenye mabeseni wameshaanza kupakua, na ukichelewa hukuti cha kupima. Unapima ndoo moja kwenye mizani, unahesabu ndoo zote, unazidisha. Unauliza wavuvi walikuwa wangapi, taa ngapi, walikesha upande gani, ndoo inauzwaje. Unachota sampuli, unakaa chini kuchambua furu wadogo waliochanganyika na dagaa, mmoja mmoja. Ukimaliza, mbio kwa wenye sangara na ubao wako wa kupimia urefu.

Kwa sangara ndiko kwenye shughuli. Chini ya sentimita 50 ni kosa kisheria, basi wale wadogo, ambao mtafiti anawahitaji kweli, wanapitishwa nyuma ya mabanda ndani ya viroba. Tena tangu Operesheni Sangara ya 2018, nyavu zilipochomwa moto, mvuvi akiona mtu ana rula na fomu anajua ni doria. Ilinichukua wiki sita za kunywa nao chai na kusaidia kusukuma mitumbwi mpaka mzee mmoja akawaambia wenzake, "Huyu anahesabu tu, mwacheni." Na ukitaka kumpasua jike uone mayai yamefikia wapi, mwenye samaki anakushika mkono, kwa sababu bondo la sangara, kile kibofu chake cha hewa, ni mali, kisu kikiteleza hasara ni yako. Hawa watu waliniamini mimi. Mradi hawaujui.

Gambuti nilinunua mwenyewe. Formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli, nilishika bila glavu. Kichocho nimepima, ninacho, na dawa nimenunua kwa hela ya kukopa kwa dada yangu.

Sasa kinachonichoma kuliko pesa. Mwezi wa sita nilimpigia msimamizi kumwambia sina nauli ya kufika mwaloni. Akanijibu, "Wewe jaza tu, si unajua mwezi uliopita walipata kiasi gani?" Nilikataa. Lakini wapo waliojaza, wamekaa chumbani, mistari kwa mistari ya urefu wa samaki ambao hakuna aliyewavua. Siwezi kuwatukana, walikuwa na njaa kama mimi.

Mnaelewa uzito wake? Mtumbwi mmoja unaopimwa unasimama badala ya mitumbwi yote ya aina yake pale mwaloni, na mwalo mmoja unasimama badala ya mialo mingi. Namba moja ya kupikwa inazidishwa mara zote hizo. Ziwa lina kilomita za mraba 68,800, karibu nusu yake ni letu, na ni kwa takwimu za namna hii wakubwa wanakaa kuamua matundu ya nyavu na vipindi vya kufunga uvuvi. Yule mzee aliyenitetea ataambiwa samaki wapo wa kutosha huku mtumbwi wake unarudi na ndoo mbili. Mtoto wa nani atakufa njaa kwa namba iliyoandikwa kitandani?

Haya, wiki iliyopita limetoka tangazo la ajira, wanataka uzoefu wa miaka mitatu. Nikaenda kuomba barua kwamba nimefanya kazi nao. Jibu: hukuwa mwajiriwa, hatuwezi kukuandikia. Yaani kwenye posho mimi ni wa kujitolea, na kwenye uzoefu sikuwepo kabisa! Fomu zote zina sahihi yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi, na hawa wanakwepa kwa neno moja tu, kujitolea. Kujitolea gani kwa mtu kupangiwa siku, saa na idadi ya mitumbwi, na kufokewa akikosa?

Mliofanya kazi hizi Tanganyika, Nyasa, Rukwa, na ndugu zetu wa Kisumu na Jinja, semeni mlilipwaje na nani alisaini. Kama kuna aliyewahi kufika kwa afisa kazi au CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kwa dai la posho bila mkataba wa maandishi, aniambie alianzia wapi. Nina meseji zote na nakala za fomu.

Giza linaingia wiki ijayo. Nafasi yangu wameshampa kijana aliyemaliza chuo mwezi uliopita. Jana kanipigia kuniuliza gambuti zinauzwa wapi.