Majivu ya Jumatano: uyaoshe au uingie nayo ofisini?

Mwanzisha mada, Buruburu:
Wakatoliki wenzangu, na wengine wote mnaotaka kutupinga, karibuni. Jumatano ya Majivu, 18 Februari 2026, nilisali misa ya mchana pale Basilika ya Familia Takatifu. Injili ni ile ile ya kila mwaka, Mathayo 6: ufungapo, jipake mafuta kichwani, unawe uso, watu wasijue. Dakika chache baadaye tukapanga foleni, tukapakwa majivu kwenye paji la uso, tukatoka nayo mjini. Hivi huwa tunasikia tunachosomewa? Nilipofika ofisini picha za misalaba myeusi zilikuwa zishajaa kwenye kundi la WhatsApp. Mimi nasema pakwa, sali, kisha nawa. Kwaresima ni ya moyo.

Mwanakwaya:
Umesoma nusu, ndugu. Yesu hakukataza kuonekana, alikataza kutafuta kuonekana. Sura hiyo hiyo inasema sadaka itolewe kwa siri, na kila Jumapili tunapeleka matoleo kwa nyimbo na kucheza, wewe ukiwemo. Halafu majivu si pambo. Ni yale matawi tuliyopunga mwaka jana tukiimba Hosana, yamechomwa. Unaambiwa u mavumbi, na mavumbini utarudi. Nani huringia mavumbi? Siku moja kwa mwaka meneja na mlinzi wa geti wana alama moja, na hiyo ndiyo unataka tuifute?

Mlokole wa Umoja:
Kwetu tunafunga Januari, siku 21, bila majivu. Swali langu dogo tu: mbona wa Jumatano nawaona kilabuni Ijumaa?

Mwanakwaya:
Uliwaona ukiwa wapi?

Jirani, Eastleigh:
Asalaam aleikum. Ramadhani imeingia wiki hiyo hiyo, acha nichangie. Funga yetu haina alama usoni. Ukinywa maji chooni hakuna ajuaye ila Mola, na tunafundishwa kuiogopa ria, yaani ibada ya kujionyesha kwa watu. Lakini tusidanganyane, nina mwenzangu kazini anayelalamikia kiu tangu saa tatu asubuhi. Ofisi nzima inajua amefunga, hata wahindi wa ghorofa ya chini. Mwenye ria hahitaji majivu, kwa hiyo huko kunawa sioni kutatibu nini.

Katekista mstaafu:
Watoto wangu, mnagombania kisicho amri. Hakuna sheria inayomlazimu mtu kupakwa majivu. Cha lazima ni kufunga siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa wenye miaka 18 hadi 59: mlo mmoja kamili na viwili vidogo visivyoufikia huo mmoja. Nyama huachwa kuanzia miaka 14. Sasa sisi tumegeuza. Majivu hatuyakosi, saumu ndiyo tunaisahau. Nimemwona mtu na msalaba wake usoni akipimiwa robo ya nyama choma. Na anayeona haya ajue kwamba Italia majivu hunyunyizwa utosini. 2021, wakati wa korona, Vatikani iliagiza yanyunyizwe hivyo kila mahali. Dunia haikuanguka.

Mwanzisha mada:
Mwalimu, shikamoo. Niungame kitu. Siku hiyo mwenyewe sikunawa. Bomba la ofisini lilikuwa kavu, mnaijua Nairobi. Jioni kwenye matatu ya 58 makanga akakalia chenji yangu, hamsini. Nilikuwa nishafungua mdomo, mama wa kiti cha mbele akageuka, akanitazama paji la uso. Nikanyamaza. Mpaka leo sijui nilimnyamazia Mungu au yule mama. Inahesabika?

Katekista mstaafu:
Marahaba. Shilingi hamsini zinahesabika. Na Alhamisi, ulipokuwa umeshanawa?

Mwanzisha mada:
Alhamisi nilimtukana.