Mama amebadilika tangu tufiwe na kaka. Ndiyo keshakuwa hivi?

BintiPangani:
Wakubwa shikamooni. Kaka yangu alikuwa mvuvi, bahari ikamchukua mwaka jana kabla ya Ramadhani. Mama anauza vitumbua hapa barazani. Zamani mtoto akija na hela pungufu alimpa na cha ziada, tena anamtania mpaka wanunuzi wote wanacheka. Siku hizi anapokea hela, anageuza vitumbua, basi. Mdogo wangu akichelewa kidogo kutoka msikitini anapigiwa simu mfululizo, na akifika anagombezwa. Kulia sijamwona analia tangu arobaini. Shangazi anasema mama kawa na roho mbaya, na maneno hayo yananiuma. Je, atarudi alivyokuwa?

MamaWawili:
Pole mwanangu. Mimi nilifiwa na mume. Miezi minne na siku kumi za eda nyumba haikukauka watu. Nilipotoka eda, kimya. Nilikuwa mtu wa kuitikia kila jambo, lakini mashemeji walipoanza kuulizia hati ya nyumba nikajikuta nakataa, tena kwa sauti. Mpaka leo naambiwa nimekuwa mkali. Ukali huo ndio uliowaachia wanangu pa kulala. Sijarudi nilivyokuwa, na wala sitaki. Ila kwa mama yako naona ni hofu. Kila anayechelewa, kwake ni yule wa baharini.

MuuguziZamu:
Nakubaliana na dada hapo juu, hiyo si roho mbaya. Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, linatambua majonzi yaliyopitiliza: yakizidi miezi 6, yakavuka desturi ya jamii yenyewe, na mtu akashindwa kuendesha maisha yake. Mama bado anapika na kuuza, hilo ni jema. Angalia usingizi na chakula. Akitamka kwamba anataka kumfuata marehemu, siku hiyohiyo hospitali, usingoje kuche.

BintiPangani:
Ahsanteni sana. Kula anakula. Usingizi ndio shida, saa nane usiku namsikia jikoni na mchele wake. Leo nitaamka nimsaidie, na nitamtaja kaka kwa jina, maana humu ndani tumeacha kabisa kumtaja. Mdogo wangu nimemwambia akiona anachelewa apige yeye kwanza. Na shangazi nitaongea naye mwenyewe, kwa adabu, lakini nitaongea naye.