Naomba ushauri: mnara wa taa Mombasa na mikoko ya Mida

Hamjambo ndugu zangu. Niko Umoja, Nairobi, na kijana wangu wa miaka 9 amenikalia kooni: anataka kuona mnara wa taa unaoongoza meli. Nimewaza ule wa Ras Serani, pale Mama Ngina, meli zinapoingilia kwenda Kilindini. Mara ya mwisho nilikula mihogo ya pilipili na ndimu hadi machozi yakanitoka, mnara wenyewe nikautazama kwa mbali tu. Je, siku hizi mtu huruhusiwa kuusogelea, au ni kupiga picha barabarani?

Kisha tungeenda Mida, karibu na Watamu, tupite lile daraja la mbao kwenye mikoko. Hapo ndipo ninapokwama. Ndege huonekana vizuri maji yakipwa na tope likibaki wazi. Yakijaa, unatazama maji matupu. Anayejua mambo ya bamvua (siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida) anisaidie kuchagua siku. Tunashuka kwa treni, Syokimau hadi Miritini, pamoja na mama yangu, na magoti yanamsumbua. Nasikia daraja linayumba. Ataliweza, au tumwache kivulini na dafu lake?