Hospitali ya karibu haina chumba cha upasuaji, nijifungulie hapo?

Mama Kijacho: Jamani, mimba ya kwanza hii, wiki ya 36. Jirani alijifungulia pale, anasema wakunga wanafoka hatari. Usingizi umeniruka. Nitafute kwingine?

Mkunga Mstaafu: Pole mwanangu. Kufoka kunaudhi, ila kinachoua ni kuvuja damu nyingi. Uliza kama sindano ya oksitosini, ya kuzuia damu isivuje, ipo na inatunzwa kwenye friji. Huchomwa mara mtoto akitoka. Damu ya akiba je? Na kwa kuwa chumba cha upasuaji hakuna, gari la wagonjwa la kukuhamisha usiku lina dereva?

Mama Kijacho: Dereva! Hilo sikuliwaza kabisa.

Baba wa Wawili: Ulizia pia kama wanaruhusu msindikizaji leba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza awepo, umtakaye wewe.

Mkunga Mstaafu: Na kichwa kikiuma sana au macho yakiona ukungu, usingoje uchungu. Nenda hospitali hapo hapo.