Krismasi si ruhusa ya kufunga masanduku ya umeme ovyo uani

Nimechoka kuambiwa kwamba kazi ya taa za Krismasi ni ya muda tu. Hilo ndilo jibu ambalo mkandarasi wetu alimpa mwenyekiti wa kamati ya wakazi baada ya mtunza bustani kushika mlingoti wa chuma karibu na lango na kupigwa shoti iliyomwangusha kwenye nyasi. Baadhi ya majirani, watu wenye watoto wanaocheza papo hapo, wamelikubali jibu hilo kana kwamba umeme wa volti 240 hupunguza makali yake sherehe zinapokaribia. Mzee yu hai, Mungu ashukuriwe. Mkandarasi simtaji, maana suala liko mbele ya kamati, lakini kazi yake nitaieleza, kwa sababu nimeiona ya namna hiyo hiyo katika mitaa mingine hapa Lang'ata na hata ng'ambo ya mji, na hakuna anayefungua mdomo mpaka mtu aanguke.

Masanduku yenyewe hayakuwa mabaya. Yameandikwa IP65, yaani hayapitishi vumbi na yanahimili maji yanayorushwa kwa bomba kutoka upande wowote: tarakimu ya kwanza inahusu vumbi na vitu vigumu, ya pili inahusu maji. Lakini kiwango hicho ni cha sanduku lililofungwa jinsi mtengenezaji alivyokusudia. Huyu bwana alitoboa mgongo wa sanduku kwa drili, akapitisha skrubu kutoka ndani moja kwa moja hadi kwenye mlingoti, ilhali sanduku lina masikio yake ya kufungia yaliyo nje ya mpira wa kuzuia maji. Kisha akatoboa tundu jingine upande wa juu, ndiyo, juu kabisa, mahali mvua inapotua, akaingiza kebo bila glandi, yaani kibanio kinachoishika kebo na kuzuia maji yasiingie tunduni, na kuliziba pengo kwa silikoni. Glandi ya kebo haigharimu pesa za kumfilisi mtu. Inauzwa katikati ya jiji, Luthuli na River Road, katika duka lolote la vifaa vya umeme.

Hiyo silikoni ndiyo inayoniudhi kupita yote, kwa sababu inampa mwenye nyumba imani kwamba kila kitu kimezibwa. Jua la Nairobi la saa sita mchana hulipasha sanduku joto, hewa iliyomo hutanuka na kujisukuma nje kupitia kila upenyo. Mvua ya vuli inapokuja alasiri, sanduku hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na unyevu hufyonzwa ndani kupitia pembeni mwa silikoni ambayo haikushikana vizuri na ngozi ya kebo. Usiku wa baridi, unyevu huo hugeuka matone kwenye kifuniko na kudondokea viunganishi vya nyaya. Maji yanakusanyika na hayana pa kutokea. Ndiyo sababu kebo huingizwa kutoka chini, ikiwa imepindwa kidogo kabla ya kuingia ili matone yaanguke chini badala ya kuifuata hadi ndani, na ndiyo sababu kuna vipumulio maalumu vinavyofungwa chini ya sanduku ili litoe unyevu bila kuingiza mvua.

Sasa unganisheni mambo hayo mawili, skrubu ile na maji hayo. Maji yalijaa ndani ya sanduku, kwenye sakafu yake, hadi yakafikia kiunganishi cha waya wenye umeme upande mmoja na kichwa cha skrubu upande wa pili. Skrubu hiyo imeingia kwenye mlingoti wa chuma. Mlingoti haukuunganishwa na waya wa ardhi, kwa kuwa fundi alitumia kebo ya nyaya mbili, isiyo na waya huo wa tatu. Kwa hiyo mlingoti mzima ulikaa na umeme, kimya, ukisubiri mkono wa mtu aliyesimama kwenye nyasi zilizolowa.

Nilipomuuliza fundi ulinzi uko wapi, alinionyesha sakiti breka ya ampea 20 kwenye ubao wa umeme wa nyumba ya mlinzi, tena kwa fahari. Breka hiyo hulinda waya usiungue. Mtu aliyeshika mlingoti anaweza kuuawa na makumi tu ya miliampea yanayopita mwilini, na breka ya ampea 20 haitashtuka hata kidogo. Kinachotakiwa ni kifaa ambacho mafundi wenyewe hukiita RCD, cha miliampea 30, ambacho hulinganisha umeme unaotoka na ule unaorudi na kukata mara tu sehemu yake inapovujia ardhini. Kina kitufe cha kujaribia, na mtoto wa shule anaweza kukibonyeza. Hapakuwa nacho.

Alinieleza pia kwamba alijifunza kwa kutazama video za Wamarekani wanaopamba nyumba zao, na kwamba wao hufunga masanduku yaliyo wazi kidogo upande wa chini bila matatizo. Ni kweli kwamba sanduku la daraja wanaloliita NEMA 3R limekusudiwa kukinga mvua tu, na baadhi yake yana matundu ya hewa. Lakini soketi zao za kawaida ni za volti 120, na sheria zao za ujenzi zinataka soketi za nje ziwe na kinga inayokata umeme ukivuja miliampea 5 hivi. Ukinakili sanduku na kuiacha kinga, umenakili nini? (Na tafadhali, wanaoletewa taa na jamaa zao kutoka huko wasome kibandiko kabla ya kuzichomeka, zile za volti 120 hazitakusalimia mara mbili.)

Kuhusu mlingoti nitasema machache. Udongo wetu ni ule mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi. Mlingoti uliochomekwa humo bila zege ya kutosha ulianza kuinama mvua zilipokolea, ukaivuta kebo na kuing'oa ile silikoni. Sanduku jingine lilifungwa chini kabisa, kwenye tuta la maua, ambapo mvua hurusha tope na siafu hupata makao. Kuna ukuta mzima wa mawe hatua chache kutoka hapo. Kwa nini sanduku halikufungwa ukutani, juu ya kiwango cha tope na mbali na mfereji wa paa? Adapta za taa, zile zinazoshusha volti, zingekaa humo, zikiwa na nafasi ya kupoa, na kinachotoka kwenda bustanini kingekuwa volti 12 au 24 peke yake. Taa zetu zote za lango kwa jumla ni wati 60. Kwa volti 24 hiyo ni ampea mbili na nusu, na kebo ya kawaida inaubeba mzigo huo hadi langoni bila taa za mwisho kufifia sana.

Na hiyo "kazi ya muda" tunayoambiwa, masanduku ya mwaka jana bado yako pale pale. Hakuna aliyeyaondoa Januari. Jua limekausha vifuniko hadi vinamomonyoka mkononi, na mvua za masika ziliyakuta yakiwa yamechomekwa.

Ninachodai kwa kamati ni hiki: malipo yaliyobaki yasitolewe, umeme wa lango ukatwe leo, si baada ya sherehe, kazi irudiwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na petroli, anayeweza kuionyesha, na atuachie karatasi ya vipimo vya waya wa ardhi na vya RCD, yenye sahihi yake. Mwenyekiti anasema hakuna fundi wa taa za Krismasi atakayekubali kuandika karatasi kama hiyo. Kama kuna mtaa hapa Nairobi ambao kamati yake imewahi kuidai na kuipata, naomba mtueleze mliandika nini kwenye mkataba, kwa sababu kikao chetu ni Jumamosi na ninataka kuingia na maneno hayo mkononi.