Karakana ya mbao futi 10 kwa 12: nguzo nichimbie ardhini?

RandaButu
Wakuu, habari za jioni. Niko Kibaha, nataka kujijengea karakana ya useremala nyuma ya nyumba. Nimeshanunua mbao za paini 2x4 za Mafinga, zile za kijani zilizopigwa dawa. Jirani ananiambia nichimbie nguzo, nizipake oili chafu, basi. Ila mchwa wa huku nawajua, mlango wa jikoni waliula ukabaki rangi tu. Mnasemaje?

MzeeTimazi
Usichimbie, kijana wangu. Oili chafu inakununulia muda tu.

Panda na tofali kozi mbili juu ya usawa wa ardhi, kisha umwage sakafu ya zege. Juu ya tofali tandika nailoni nyeusi, ndipo ulaze mbao ya chini na kuikaza kwa boliti ulizozizika kwenye zege. Mchwa bado atajaribu, lakini itabidi ajenge njia yake ya udongo ukutani, nje kabisa, nawe utaiona na kuibomoa. Nguzo ukiichimbia anaingilia chini kwa chini, unakuja kushtuka imebaki ganda.

Jambo lingine ambalo wauza mbao hawalisemi: dawa haifiki kwenye moyo wa mbao. Kila unapokata, ile ncha nyeupe ipake dawa upya. Na vipande vinavyobaki visiende jikoni! Dawa ya kijani mara nyingi ina aseniki, moshi wake ni sumu na majivu yake pia.

MamaKenchi
Naongezea kwa mzee. Fremu ya ukuta iunge ikiwa imelala sakafuni, nguzo kila futi 2, halafu mwite mtu mwinue pamoja. Piga mbao ya mshazari kila kona, bila hiyo banda litalala upande siku ya upepo. Kabla ya kumwaga msingi pima kona kwa kona: futi 15 na karibu inchi 7 na nusu, pande zote mbili. Zikipishana, kamba zako hazijakaa mraba.

RandaButu
Shikamoo mzee, na asante dada. Bati nilizonazo ni geji 30, zinafaa? Halafu mbao nyingine bado mbichi.

MzeeTimazi
Marahaba. Zinafaa, ila ni nyembamba kuliko geji 28, kwa hiyo papi, yaani mbao za kupigilia bati, zisiachane sana. Mteremko mmoja unatosha, ukuta wa mbele uzidi wa nyuma kwa futi 2. Msumari wa bati unapigwa mgongoni, si bondeni maji yanakopita. Vijana siku hizi wanapiga popote.

Mbichi zipange kivulini, weka vijiti kati ya tabaka na tabaka, mawe juu. Ukizipigilia hivyo hivyo zitajipinda na misumari yake.

MamaKenchi
Na meza yako kama ni kubwa, iingize kabla hujafunga ukuta wa mbele.