Tupeane uzoefu: Toyota za injini za 5A, 4A na 7A kushtuka ukigusa mafuta

#1
Wakuu, uzi huu ni wa gari za miaka ya 90 ambazo pedali ya mafuta inavuta kebo: Corolla AE100 na AE110, Sprinter, Carina na ndugu zao. Shida ni ile ya kwenye foleni. Unagusa pedali gari haitii, unaongeza kidogo inaruka, unaachia inakutupa mbele. Barabara kuu ukishachanganya mwendo huioni kabisa. Wenye kuzijua hizi injini watoe dalili, chanzo na namna ya kuhakikisha kabla mtu hajaenda kununua spea.

#2
Mkuu, anza na throto bodi, ule mlango wa hewa ya injini unaofunguliwa na pedali ya mafuta. Mvuke wa oili unaotoka kwenye kava ya valvu unapitia hapo, unakutana na vumbi letu, unaacha utando mweusi kwenye ukingo wa kile kisahani cha ndani. Kisahani kikifunga kinanata. Mguu unaongeza nguvu mpaka kibanduke, na kikibanduka kinakuwa kimefunguka kuliko ulivyotaka. Mruko unatokea hapo.

Zima injini, vua mpira wa kuvuta hewa, zungusha mkono wa throto kwa vidole, polepole sana. Ukikuta kigugumizi pale mwanzoni tu halafu kinateleza vizuri, ni uchafu. Nyunyizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye kitambaa, futa mbele na nyuma ya kisahani na ukuta kinapogusana nao, penye ugumu tumia mswaki laini. Msasa na bisibisi viweke mbali. Usimwage dawa kwenye ekseli ya kisahani, inapenya hadi ndani ya sensa iliyo ubavuni.

Ukiamua kuishusha nzima, subiri injini ipoe, maana kuna hosi ndogo za maji ya rejeta zinapita chini yake. Andaa gasketi mpya, na ukimaliza rudishia maji na utoe hewa.

#3
Naongezea kebo. Ikilegea, sehemu ya kwanza ya pedali inakuwa ya bure, halafu kisahani kinavutwa ghafla. Ikikazwa mno kisahani hakifungi na rpm (mizunguko ya injini) zinabaki juu. Pale kwenye breketi yake kuna nati mbili: legeza, vuta hadi ulegevu ubaki wa milimita chache, kaza. Kisha mtu akanyage pedali hadi chini wewe ukiangalia kama kisahani kinafunguka chote na kurudi chenyewe. Kebo iliyoanza kukatika nyuzi haitengenezwi, nunua nyingine. Uzi mmoja ukikwama kwenye ganda lake gari inabaki imekanyagwa mafuta barabarani.

#4
Angalieni na mauntingi za injini, ile mipira inayoishikilia, hasa ya mbele na ya nyuma. Mpira ukichanika, injini inainama kila gia inaposhika. Ikiinama inavuta kebo, kebo inaongeza mafuta, injini inainama zaidi, halafu inarudi na kupunguza. Gari inatikisika mfululizo kwenye gia ya kwanza na watu wanalaumu petroli. Kupima: handbreki juu, mguu kwenye breki, mbele ya gari pasiwe na mtu, tia D kisha R na kuongeza mafuta kidogo. Msaidizi asimame pembeni aangalie injini. Ikinyanyuka waziwazi, mpira umekwisha.

#5
Ukishamaliza hayo ndipo uje kwenye TPS, ile sensa ya ubavuni mwa throto bodi inayoiambia kompyuta kisahani kimefunguka kiasi gani. Chukua multimita, ya mshale ikipatikana. Washa swichi bila kuwasha injini. Waya mmoja uwe na volti 5, mwingine ni wa ardhi, na wa VTA, unaopeleka taarifa kwenye kompyuta, usome karibu 0.5 kisahani kikiwa kimefunga. Fungua taratibu: volti zipande bila kukatika hadi kati ya 3.2 na 4.9 hivi. Mshale ukidondoka mahali halafu ukarudi, pana sehemu imelika, na mara nyingi ni pale mguu unapokaa ukiwa kwenye foleni.

Zenye nyaya nne zina pia swichi ya IDL, inayoiambia kompyuta kwamba mguu umetoka. Mtu akiifunga TPS vibaya, IDL inabaki imeshika wakati umeshaanza kukanyaga. Kompyuta inaona rpm ziko juu na mguu haupo, inakata petroli. Rpm zinashuka, inarudisha. Ndiyo ile gari inayodunda wakati kila kipuri ni kipya.

Na jamani, ile skrubu ndogo inayozuia mkono wa throto isiguswe. Kiwandani iliwekwa kwa kipimo chake. Fundi akiizungusha kupandisha rpm, kisahani hakifungi tena, IDL haishiki, na kila mtakachopima baada ya hapo kitawadanganya.

#6
Kuna mkanganyiko wa mpira wa hewa uliopasuka. Corolla ya 5A ya sensa ya MAP inapima mgandamizo ndani ya manifodi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), kwa hiyo ufa ulio kabla ya throto bodi unaingiza vumbi lakini hauharibu hesabu ya petroli. Gari yenye kipima hewa kabla ya throto bodi, kama za injini ya 1NZ, ufa huohuo unaishtua. Kwa 5A kagua kihosi chembamba kinachotoka manifodi kwenda sensa ya MAP. Mpira ukikauka unapasuka pale mwishoni. Kata kipande kilichokufa kama urefu unaruhusu, au weka kipya.

#7
Waya za plagi nazo zipimwe ukinzani: kila moja isizidi kiloohmu 25. Na ukichomoa ukikuta oili ndani ya shimo la plagi, badilisha kwanza mipira ya kava ya valvu, la sivyo waya mpya zitaharibika vilevile.

#8
Kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa na kompyuta, bila mashine, kwa zile zenye kiboksi cha DIAGNOSIS chini ya boneti: unganisha matundu yake ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, AC izimwe, gia N, washa swichi, hesabu taa ya injini inavyomweka. Mara nne, kituo, mara moja ni 41, yaani TPS. 31 ni sensa ya MAP. 51 ikitokea huku unakanyaga mafuta au AC inawaka, achana nayo, ni kawaida. Ukimaliza kutengeneza, zima swichi, chomoa fiuzi ya EFI nusu dakika, rudisha, kisha soma tena.